Mguu wa Simba

Ndugu zangu, wiki hii imenielemea. Mbwa wetu Simba alichomoka getini, bodaboda ikamgonga. Alirudi akirukaruka kwa miguu mitatu, wa nyuma unaning'inia. Nilipomgusa paja akanionyesha meno, yeye ambaye watoto humlalia mgongoni.

Jirani, kwa nia njema, alisema nimpe diklofenaki iliyokuwa ndani. Tafadhali, msithubutu! Dawa za maumivu za binadamu kama hiyo na ibuprofeni zinaweza kumletea mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Nilimlaza juu ya ubao, nikamfunga mdomo kwa kitambaa asije akaning'ata kwa uchungu, tukakodi bajaji.

Eksirei imeonyesha mfupa wa paja umekatika katikati. Daktari wa mifugo amenieleza kuwa plasta haisaidii hapo, maana haiwezi kuituliza nyonga. Inabidi wamwekee chuma ndani ya mfupa. Eksirei na sindano zimekula shilingi 120,000. Upasuaji ni 600,000, dawa za baadaye mbali.

Kuna aliyeniambia, "Mbwa tu huyo, achomwe sindano alale." Nimekataa. Bado kijana, na wezi walipokuja usiku ni yeye aliyetuamsha. Nimeuza mbuzi, mama kaongezea, na daktari kakubali nilipe nusu kwanza.

Anapasuliwa Alhamisi. Baada ya hapo atatakiwa akae sehemu finyu kwa wiki kadhaa mfupa uunge, kwa hiyo mwenye banda dogo la kuazima hapa Morogoro, naomba anitafute.