Kutoka Hampstead hadi Witley, nikizifuata nyumba za Helen Allingham

Safari yangu ya kwenda kijiji cha Witley ilianzia Burgh House, nyumba ya mwaka 1704 iliyoko Hampstead, London, ambayo leo ni makumbusho yenye kazi nyingi za Helen Allingham, mchoraji Mwingereza wa nyumba za mashambani. Nilisimama mbele ya picha moja ya rangi za maji, karibu kiasi cha pumzi yangu kugusa kioo. Maua meupe ya bustanini hayakupakwa rangi: mchoraji aliikwaruza karatasi kwa ncha kali mpaka weupe wake ukatokeza, na penginepo akaisugua rangi kwa sifongo hadi ikalainika kama ukungu.

Treni ya kutoka Waterloo ilinifikisha Witley, katika jimbo la Surrey, kwa muda wa karibu saa moja. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1859. Myles Birket Foster, mchoraji aliyezichora nyumba za wanakijiji kabla ya Allingham, alijenga makazi yake hapo miaka ya 1860, na mwaka 1881 Allingham akahamia Sandhills, kitongoji kilicho karibu na Witley, pamoja na mumewe William, mshairi wa Ireland. Lakini reli hiyohiyo iliwaleta matajiri wa mjini waliotaka nyumba za mashambani, na nyumba kuukuu zikawa zinabomolewa au kubadilishwa sura. Allingham alikuwa akishindana na mafundi, azichore nyumba hizo kabla hawajazigusa. Alipokuta dirisha jipya limewekwa, kwenye karatasi alilirudisha lile la zamani lenye vioo vidogovidogo.

Wapo wanaomlaumu kwa kuupamba umaskini, nami siwezi kuwapinga kabisa. Miaka ile kilimo cha Uingereza kilikuwa kimedorora, vibarua wakihamia mijini, na katika picha zake sikuona paa linalovuja wala mtoto mwenye njaa. Hilo ni pengo, tena kubwa. Hata hivyo kuta zenyewe alizichunguza kwa uaminifu ambao nimeushuhudia kwa macho yangu.

Nilitembea kwa miguu hadi Sandhills, nikakuta ukuta uliofunikwa vigae vya udongo, kimoja kikilalia kingine mithili ya magamba ya samaki. Kwa mbali ulionekana mwekundu mtupu. Niliposogea niliona rangi ya chungwa, kahawia, zambarau iliyofifia, na kijani cha kuvu kwenye kingo, rangi zilezile nilizoziona asubuhi nyuma ya kioo.