Akili Inapopotea Baada ya Upasuaji

Kwetu Arua, mzee akianza kuweweseka baada ya kupasuliwa, sababu zinazotajwa huwa mbili: majini, au nusu kaputi iliyozidi kipimo. Nimezisikia zote mbili tangu mama mkubwa avunjike nyonga na kupelekwa Kampala kutiwa chuma, na hakuna hata moja inayoniridhisha. Yeye alichomwa sindano ya mgongo, akawa macho muda wote wa upasuaji, hata akawauliza madaktari kwa nini wanagonga kama mafundi seremala. Hata hivyo, usiku wa pili aliketi kitandani akaanza kuchambua simsim juu ya shuka tupu, akiokota punje kwa ncha za vidole na kupuliza makapi upande wa mgonjwa wa jirani, huku akiniita kwa jina la kaka yake marehemu. Asubuhi nilimpa shikamoo, akaitikia vizuri na kuulizia mbuzi wake. Jua lilipotua, akarudia uchambuzi wake.

Hali hiyo madaktari huiita deliriamu, na huko kupanda na kushuka ndiko kunakoitofautisha na usahaulifu wa uzeeni, ambao huja polepole. Kipimo kilichochapishwa mwaka 1990 na Sharon Inouye na wenzake, ambacho bado kinatumika, hutazama mambo manne: mabadiliko ya ghafla yasiyotulia, kushindwa kuzingatia, mawazo yasiyofuatana, na kiwango cha fahamu kisicho cha kawaida. Mawili ya kwanza lazima yawepo, pamoja na moja kati ya mawili ya mwisho.

Kuhusu nusu kaputi, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia wagonjwa 1,600 wa Marekani na Kanada waliovunjika nyonga, baadhi wakilazwa usingizi kabisa na wengine wakichomwa sindano ya mgongo. Deliriamu iliwapata takriban mmoja kati ya watano katika kila kundi. Mwaka uliofuata, utafiti wa China nao haukuona tofauti ya maana kati ya njia hizo mbili.

Linalonishawishi zaidi ni mchochota, yaani ile ghasia ambayo mwili huianzisha unapojeruhiwa. Mfupa unapovunjika na nyama kukatwa, seli zilizopasuka humwaga vitu vyake, na kinga ya mwili huvichukulia kama dalili ya uvamizi. Seli za kinga hutoa saitokini, yaani kemikali zinazotumiwa na seli kupashana habari, kama intalyukini 6, ambazo huzunguka na damu. Kwa kijana aliyepasuliwa jambo hilo kwa kawaida hupita salama. Kwa mzee, ule ukuta unaochuja vitu vinavyotoka kwenye damu kuingia ubongoni huweza kulegea, na maikroglia, ambazo ni seli za ulinzi za ubongo wenyewe, huamka na kuvuruga mawasiliano ya neva. Hapo ndipo inapoingia asetilikolini, kemikali inayotuwezesha kuzingatia jambo na kulishika, ambayo pia husaidia kuutuliza mchochota. Uzee huipunguza, na dawa kama prometazini, ambayo hutolewa kwa urahisi mno mgonjwa akikosa usingizi, huizuia kazi yake. Kwa hiyo mzee hupungukiwa na kizingatio na kitulizo kwa pamoja.

Maelezo haya yanapendeza, lakini mengi yametokana na wanyama wa maabara, na mwaka 2010 jaribio la Uholanzi la kuwapa wagonjwa mahututi wenye deliriamu dawa ya kuongeza asetilikolini lilisimamishwa kwa sababu waliopewa dawa hiyo walikufa zaidi. Zipo pia sababu za kawaida ambazo daktari huanza nazo, na anafanya vyema: oksijeni ndogo, chumvi ya damu iliyoshuka, maambukizo ya mkojo, maumivu, choo kigumu, na hapa kwetu malaria.

Ndiyo maana naamini chanzo ni msongamano wa mambo, wala si kitu kimoja. Mwaka 2001 utafiti wa Marekani juu ya wazee waliovunjika nyonga ulionyesha kwamba ushauri wa daktari wa wazee, kuhusu maji, oksijeni, maumivu, dawa zisizo za lazima na kumwinua mgonjwa mapema, ulipunguza deliriamu kutoka asilimia 50 hadi 32. Sehemu ya kazi hiyo katika wodi zetu hufanywa na ndugu wanaolala kwenye mkeka chini ya kitanda. Mimi nilimvalisha mama mkubwa miwani yake, nikamnywesha uji, nikamwambia kila mara kwamba tuko Kampala, na nikamwomba muuguzi asimpe prometazini. Taa za usiku kucha sikuziweza.

Kwa kuwa alipiga kelele, mama mkubwa alipata kutazamwa. Jirani yake alilala kimya, uso ukutani, na sote tukasema anapumzika, kumbe deliriamu ya kimya ndiyo inayopitwa zaidi. Ilikuwa mpaka binti yake alipomuuliza alipo, naye akajibu kwamba yuko sokoni anauza mihogo, ndipo daktari akaitwa.