Eksirei imetoka safi, kifundo cha mkono bado kinauma: picha gani ifuate?

Mtu kaanguka kwenye bodaboda au uwanjani, akajikinga kwa kiganja kilichofunguka. Kifundo cha mkono kimevimba kidogo, vidole vinacheza, na eksirei imesomwa "hakuna mvunjiko". Anapewa diklofenaki na bandeji, anaambiwa ni msuli. Miezi kadhaa baadaye hawezi kukamua nguo wala kukaza nati. Hivyo ndivyo mvunjiko wa skafoidi unavyoponyoka, na mara nyingi hauponyoki kwa sababu hospitali haina MRI (mashine ya picha za sumaku). Unaponyoka kwa sababu eksirei iliombwa vibaya, au kwa sababu picha moja safi ilichukuliwa kuwa jibu la mwisho.

Skafoidi ni mfupa mdogo wenye umbo la korosho, upande wa kidole gumba. Kati ya mifupa minane ya kifundo, huo ndio unaovunjika kuliko mingine yote: asilimia 60 hadi 70 ya mivunjiko ya mifupa hiyo minane ni yake. Shida yake iko kwenye damu. Sehemu kubwa ya damu huingilia upande wa vidole, kisha hurudi nyuma kuelekea mkono wa mbele. Ufa ukipita kiunoni, yaani katikati ya mfupa, kipande cha nyuma hukatiwa njia. Kinaweza kufa, au kisiungane kabisa, na baridi ya viungo ikafuata miaka ya mbele.

Kabla ya kuandika fomu ya picha, bonyeza sehemu tatu. Kwanza, kishimo kinachojitokeza chini ya gumba mgonjwa akilinyanyua. Pili, kinundu cha skafoidi upande wa kiganja, pale mstari wa kifundo unapokutana na shina la gumba. Tatu, shika gumba ulisukume moja kwa moja kuelekea kifundo. Linganisha na mkono mzima, maana kishimo kile kina neva inayopita juu juu na hata mtu asiye na tatizo huumia ukikikandamiza sana. Maumivu ya kishimoni peke yake hayathibitishi chochote. Zikiuma zote tatu, mchukulie kuwa amevunjika hadi picha ikuoneshe vinginevyo.

Sasa eksirei. Ukiandika "kifundo cha mkono" tu, utaletewa picha mbili, ya mbele na ya ubavu, na skafoidi itakuwa imejikunja ndani ya picha kiasi kwamba kiuno chake hakionekani. Andika: "nashuku skafoidi, naomba picha nne." Ya kwanza ni ya mbele, kiganja kimelala mezani. Ya pili ni ya ubavu. Ya tatu ni ya mshazari, upande wa gumba umeinuliwa nyuzi 45 na kuegemezwa kwenye sponji. Ya nne ndiyo yenye kazi hasa: kiganja kimelala, mkono umepindishwa kuelekea upande wa kidole cha mwisho kadiri mgonjwa anavyovumilia, na bomba la eksirei limeinamishwa nyuzi 20 hadi 30 kuelekea kiwiko. Pindo hilo huinyoosha skafoidi, nao mwinamo huirefusha pichani. Umbali uwe sentimita 100, na mwanga ubanwe kwenye kifundo. Mwanga ukiachwa umwagike mpaka katikati ya mkono wa mbele, unapoteza ukali wa picha bila faida.

Mgonjwa mwenye maumivu hapindishi mkono, na hapo ndipo picha ya nne inapoharibika. Mpindishe taratibu, asipindishiwe kwa nguvu, na kiwiko kiwe kimekunjwa nyuzi 90 huku bega likiwa usawa wa meza. Picha ya ubavu nayo ina kipimo chake: ukingo wa mbele wa pisifomu (mfupa mdogo wa kifundo upande wa kidole cha mwisho) uangukie katikati ya ukingo wa skafoidi na ule wa kichwa cha kapitati (mfupa mkubwa wa katikati ya kifundo). Usipoangukia hapo, mkono ulizunguka, rudia.

Na picha hiyo ya ubavu usiipite haraka. Radiasi (mfupa wa mkono wa mbele upande wa gumba), lunati (mfupa wa kifundo ulio kati ya radiasi na kapitati) na kapitati zinatakiwa zikae kwenye mstari mmoja. Kapitati ikiwa imekaa nyuma ya lunati, huo si ufa tu, ni kuteguka kuizunguka lunati, jambo la dharura linalotaka kurudishwa siku hiyohiyo. Kwenye picha ya mbele, nafasi kati ya skafoidi na lunati ikizidi milimita 3, shuku kano iliyokatika. Ni ajabu jinsi watu wanavyoitafuta nywele ya ufa kwenye skafoidi huku mfupa mzima umetoka mahali pake.

Hata picha nne zikitoka nzuri, eksirei ya siku ya kwanza inaweza kukosa asilimia 10 hadi 20 ya mivunjiko ya skafoidi. Basi picha safi na mkono unaouma maana yake ni hatua inayofuata, na hatua hiyo inategemea swali ulilonalo.

Swali likiwa "upo ufa au haupo?", jibu ni MRI. Mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza ya miongozo ya matibabu, unashauri hata kuifikiria kuwa picha ya kwanza baada ya uchunguzi makini. Huhitaji MRI ndefu: T1 na STIR, aina mbili za picha za MRI, zote zikatwe kwa uso wa mbele wa mkono, zinatosha kwa kazi hii na zinachukua dakika chache. Mstari mweusi kwenye T1 wenye mng'ao kuuzunguka kwenye STIR ni mvunjiko. Mng'ao bila mstari ni mchubuko wa mfupa, na kuuita mvunjiko ni kumfunga mtu plasta kwa wiki nyingi bila sababu. Muulize kuhusu betri ya moyo na vipande vya chuma machoni kabla hajaingia chumbani.

Swali likiwa "ufa ukoje, vipande vimeachana?", CT (eksirei ya kompyuta inayoonesha mfupa tabaka kwa tabaka) inaishinda MRI. Picha zikatwe kwa unene wa milimita 1 au chini yake, zikipangwa upya kufuata urefu wa skafoidi yenyewe na si urefu wa mkono wa mbele. Hilo liandikwe kwenye fomu, la sivyo utapata picha zinazokata mfupa kwa mshazari. Mwachano unaozidi milimita 1 hubadilisha mazungumzo: hapo mpasuaji wa mifupa aitwe.

Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao unaojumlisha tafiti za tiba, yaliyohusu wagonjwa wenye eksirei safi, yaliipa MRI uwezo wa kunasa asilimia 88 ya mivunjiko, CT asilimia 72, na picha ya nyuklia ya mifupa asilimia 99. Usikimbilie hiyo ya mwisho: iliwahesabu wazima wengi kuwa wamevunjika, inahitaji teknishiamu (dawa yenye mionzi), na inasubiri siku 2 hadi 3 baada ya ajali. CT ikisema upo ufa, amini. Ikisema haupo na mgonjwa bado anaruka ukimgusa, usimwache. Ultrasaundi ikionesha ganda la mfupa limekatika inasaidia, lakini ikitoka safi haijafuta lolote.

Pasipo MRI wala CT, njia ya zamani bado ipo: plasta ya chini ya kiwiko, kisha uchunguzi na eksirei mpya baada ya siku 10 hadi 14. Plasta itolewe kabla ya picha. Eksirei kupitia plasta ni kupoteza filamu. Dhana kwamba wiki mbili zikipita ufa lazima ujioneshe si ya kuaminika sana. Kishimo kikiuma bado na picha iko safi, hapo ndipo rufaa ya CT inapostahili. Kumbuka pia kwamba wiki mbili za plasta kwa dereva wa bodaboda au fundi ni wiki mbili bila kipato, na asipoelezwa sababu ataikata mwenyewe kwa kisu. Ukijumlisha nauli, picha ya pili na siku za kazi zilizopotea, wakati mwingine CT ya siku ya kwanza ndiyo rahisi.

Si kila maumivu ni skafoidi. Kigamba kidogo nyuma ya kifundo kwenye picha ya ubavu kwa kawaida ni cha trikwetramu, mfupa mwingine wa kifundo. Maumivu upande wa kidole cha mwisho, kiganjani, kwa mtu aliyepigwa na mpini wa chombo alichokuwa amekishika, mara nyingi ni ndoano ya hamati (kijitokezo cha mfupa mwingine wa kifundo), ambayo eksirei ya kawaida huificha. Peleka CT moja kwa moja. Mtoto mdogo tazama kwanza ncha ya radiasi, maana skafoidi yake bado ni gegedu kwa sehemu kubwa.

CT hurudi tena mwishoni mwa matibabu. Kati ya wiki ya 6 na ya 12, kubonyeza na eksirei havitoshi kusema mfupa umeunga. Uliza kwenye fomu ni kiasi gani cha upana wa mfupa kimevukwa na mfupa mpya. Kiasi hicho kikizidi nusu, wengi huitoa plasta na kuanza mazoezi.