Agizo la mdomo, saini ya mtendaji

Wakazi wengi wakifika ofisi ya serikali ya mtaa, iwe Mbagala, Manzese au Gongo la Mboto jijini Dar es Salaam, humuulizia mwenyekiti. Ndiye waliyempigia kura. Lakini mwajiriwa wa halmashauri pale ni mtendaji wa mtaa, na mkaguzi akija ndiye anayeulizwa. Mwenyekiti hana mshahara, anapata posho tu, na anahitaji kura. Mtendaji ana mshahara na anaogopa kuhamishwa. Juu yao wapo diwani, mtendaji wa kata, mkuu wa wilaya na mbunge, na presha zao huja kwa simu, mara chache sana kwa barua.

Chukua mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Serikali iliisimamisha Aprili 2023 baada ya ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuonyesha marejesho hafifu na vikundi hewa, kisha ikairudisha mwaka 2024. Kikundi hewa huanzia mtaani, pale barua ya utambulisho inapotolewa kwa watu ambao hakuna aliyewatembelea, kwa sababu mkubwa fulani kasema "hao ni wetu, wapitishe." Mtendaji anayejilinda huwaita wanakikundi wote, si mwenyekiti na katibu wao tu. Hulinganisha namba za vitambulisho vya taifa (NIDA) na rejesta ya wakazi. Huenda kuona mradi wenyewe, cherehani au banda la kuku, kabla ya kusaini. Jina la kikundi lisomwe kwenye kamati ya mtaa, muhtasari uandikwe pamoja na majina ya wajumbe waliohudhuria. Kikikataliwa, sababu iandikwe siku hiyohiyo, la sivyo wiki ijayo itaitwa chuki binafsi.

Fedha mbichi, yaani makusanyo yanayotumika kabla ya kufika benki, ni mtego mwingine. Ushuru umekusanywa kwa POS, mashine ya kutolea risiti, kesho kuna ziara ya kiongozi, mtu anaagiza viti na turubai vilipwe "tutarekebisha baadaye." Makusanyo yote yanatakiwa kufika benki kwanza, matumizi yatoke kwenye bajeti. Yakitumika kabla, mfumo unaonyesha deni kwa jina la mkusanyaji. Aliyeagiza hayumo popote.

Wengi hutii kwa hofu ya kuwekwa ndani. Ni kweli Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48, lakini ni kwa kosa la jinai, au pale amani iko hatarini na hakuna njia nyingine ya kuilinda. Tena anapaswa kuandika sababu na kumpelekea hakimu nakala. Kukataa malipo yasiyo kwenye bajeti hakuingii humo. Makosa ya kazi yana utaratibu wake: barua ya kujieleza, hati ya mashtaka, nafasi ya kujitetea. Kumdhalilisha mtumishi mbele ya mkutano wa hadhara ni uonevu, hata umati ukishangilia.

Mtendaji, ukipigiwa simu ya kuagizwa mambo kama hayo, andika dokezo siku ileile kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri: nani alipiga, saa ngapi, alielekeza nini, na "naomba mwongozo kwa maandishi." Usibishane naye kwenye simu wala kwenye kundi la WhatsApp. Dokezo lipewe namba ya jalada na nakala moja ibaki kwako, maana majalada hupotea ofisi zinapobadilisha watu.