"Desatinado" na Kiingereza chake

Wiki hii nimeshinda na neno moja la Kihispania, "desatinado", ambalo ukilitafsiri kwa Kiingereza ni rahisi kulimaliza kwa "foolish", yaani mpumbavu, ukaendelea na sentensi inayofuata. Tafsiri hiyo naiona inamwonea anayesemwa. Ndani ya neno hilo limo "tino", ambalo maana yake ni busara, lakini pia ni ustadi wa kupiga shabaha, na hata ule wepesi wa mkono unaopapasa gizani ukakipata kitasa cha mlango bila taa. Kwa hiyo aliyekosa "tino" si lazima awe mpumbavu. Huenda amenyoosha mkono tu akagusa ukuta.

Kiingereza kina "misguided", yaani aliyepotoka, ambalo ni pole zaidi, ila mara nyingi hudokeza kwamba nia ilikuwa njema, jambo ambalo Kihispania hakikulisema. "Ill-judged", yaani lisilopimwa vizuri, linafaa kwa uamuzi au kauli, lakini halimkai vizuri binadamu. Tena Kihispania kina vitenzi viwili vya kuwa: "es desatinado" hueleza tabia ya mtu, ilhali "estuvo desatinado" ni la siku ile tu, kama mshambuliaji aliyepiga mipira yote nje ya lango.

Katika sentensi niliyokuwa nayo, baba analalamikia jibu la haraka la mwanawe. Niliandika "ill-judged" kwa jibu lenyewe, nikamwacha kijana bila sifa yoyote.