Kumbukumbu ya mradi: mabano mapya kwenye mashine ya boti ya zamani

Mashine yangu ya zamani, ya tu-stroki, bado ina kichwa kizima, yaani injini yenyewe ya juu. Mgandamizo wa silinda zote uko sawa na gia zinaingia bila kelele. Kilichokwisha ni mabano ya kuishikia kwenye tezi, yaani ubao wa nyuma wa boti: chumvi imekula alumini kuzunguka matundu ya bolti, na bano la kushoto lina ufa unaoonekana wazi ukilisugua kwa brashi ya waya. Nimepata mashine ya miaka ya karibuni, ya kampuni ileile na nguvu ileile. Kichwa chake kimekwama, ila mabano, shingo (sehemu ambayo mashine inageukia) na mkono wa usukani ni vizima. Nataka nivihamishe vyote, kisha niache kushika kana, ule mpini wa kugeuzia mashine kwa mkono, na niendeshe kwa usukani wa duara wenye kebo.

Kwa nje hakuna shida. Matundu ya juu ya bolti yameachana milimita 327 kwenye mashine zote mbili, kipimo cha kawaida kwa mashine za ukubwa huu, kwa hiyo ubao wa nyuma hautobolewi upya.

Kazi iko ndani ya shingo. Mhimili unaozunguka pale mashine inapokata kona umeungana na mkono wa usukani kwa juu. Chini una meno, na hapo ndipo bano la chini linapovaa na kubeba raba mbili za kupunguza mtikisiko. Bano la chini la zamani lilikataa kuingia kwenye mhimili mpya. Nikayahesabu meno: hayalingani. Hapo sishauri mtu achonge wala kugonga kwa nyundo, maana sehemu hiyo ndiyo inayogeuza mashine nzima. Nimechukua mhimili mpya pamoja na bano lake la chini, kama seti. Bahati nzuri nafasi ya bolti za raba ni ileile, kwa hiyo mguu wa zamani, sehemu ya mashine iliyo chini ya kichwa, umepokea bila kutobolewa.

Kabla ya kulivua bano hilo la chini kwenye mhimili wake nilipiga alama ya rangi nyeupe kwenye jino moja na kwenye bano. Likirudi limeruka jino moja tu, bolti za juu zikiingia, za chini zinakaa upande. Bushi za shingo zimebadilishwa zote. Ukiacha zilizolika, mkono utacheza hata kama kila kitu kingine ni kipya.

Wiki hii nimeingia kwenye usukani. Bomba linalounganisha mabano mawili liko wazi katikati, na fimbo ya kebo inapita humo. Nimelisafisha hadi grisi kavu ya zamani ikatoka yote vipande vipande. Grisi mpya nimeipiga fimbo ikiwa imerudi ndani kabisa. Ukiipiga ikiwa imetoka nje, grisi inajifungia ndani na usukani unaweza kugoma. Kwenye kiungo kinachotoka kwenye fimbo kwenda mkono wa usukani nimefunga nati mpya za kujifunga zenyewe. Hapo sitaki nati ya kawaida hata kwa majaribio, kwa sababu mtetemo utaifungua na boti itabaki bila mwelekeo.

Kimo nacho nimekiangalia upya, kwa kuwa mabano mapya yanakaa tofauti kidogo. Bapa lililo juu ya propela liko usawa wa chini ya boti, kwa hiyo sitaongeza kipande cha ubao.

Imebaki stata. Mashine mpya ilikuwa ya kuendeshwa kwa rimoti, yaani boksi la gia na mafuta linalokaa mbali na mashine, na swichi inayozuia kuwaka ikiwa kwenye gia iko ndani ya boksi la rimoti. Mashine ya zamani ilikuwa na kizuizi chake kwenye kana, na kana hiyo nimeshaing'oa. Waya wa stata sasa utapitia kwenye swichi ya boksi, kisha nitaujaribu gia ikiwa mbele, ikiwa nyuma na ikiwa huru, propela ikiwa imefunguliwa. Hadi hapo, betri inabaki imechomolewa.