Hom thieta ya kuchagua ni ile inayosikilizisha maneno

Wengi wanaonunua hom thieta, yaani seti ya spika za kutazamia filamu nyumbani, hulalamika jambo moja: mlio wa bunduki unatikisa madirisha, lakini watu wakizungumza kwenye filamu hawafahamiki. Ukipandisha sauti ili upate maneno, gari likilipuka mtoto anaamka. Basi mimi huanzia kwenye maneno. Wati nitazifikia baadaye.

Sauti ya 5.1 ina njia sita: spika mbili za mbele, mbili za ubavuni, moja ya kati chini ya TV, na sabufa, ile spika kubwa ya besi. Mazungumzo karibu yote hupitia ile ya kati. Seti ya 2.1, yaani sabufa na vispika viwili, iliyojaa maduka ya Darajani na Mlandege hapa Zanzibar, haina spika hiyo, kwa hiyo maneno hugawanywa kushoto na kulia na kuvurugana na muziki. Kwa taarabu na redio inatosha kabisa. Kwa filamu, kama fedha haifiki 5.1, chukua saundibaa (spika moja ndefu ya chini ya TV) ya 3.1, ambayo ina njia ya kati, uache ile 2.1 yenye sabufa kama pipa.

Sasa wati. Namba ya PMPO kwenye boksi, yaani wati za kujisifia, ipuuze. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma: inayokula umeme wa wati 60 haiwezi kutoa wati 500 za sauti mfululizo. Tafuta namba ya RMS, yaani wati za kudumu. Wati 30 hadi 50 kwa kila spika zinautosha ukumbi wa kawaida.

Nyumba za Mji Mkongwe zina vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari haziwezi kuvuka upana mkubwa. Chumba cha upana wa mita tatu weka TV kwenye ukuta mfupi, kochi liwe mita 2.5 mbele yake, na spika za mbele ziachane mita 2 hadi 2.5. Spika za ubavuni ziwe usawa wa kochi au nyuma yake kidogo, juu ya masikio kiasi cha sentimita 60. Ukiweka TV kwenye ukuta mrefu, kochi litagusa ukuta wa nyuma, besi itavuma na spika za ubavuni zitakosa mahali.

Kisha piga kofi moja katikati ya chumba. Mlio ukirudi, huo mwangwi ndio unaokula maneno, na spika ya bei kubwa haitauondoa. Kuta za mawe na chokaa na sakafu ya vigae hurudisha sauti sana. Zulia nene mbele ya TV na pazia zito nyuma ya kochi husaidia. Mkeka mwembamba hausaidii kitu.

Mahali pa sabufa usipakisie. Iweke juu ya kochi unapokaa, piga wimbo wenye besi, kisha uzunguke chumba umeinama chini. Pale utakaposikia besi imetulia, haivumi wala haipotei, ndipo pake.

Waya wa spika uwe wa shaba wa milimita mraba 1.5. Mwingi wa bei rahisi ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Karibu na pwani shaba hugeuka kijani; kata ncha, menya upya, kaza. Ukigeuza chanya na hasi kwenye spika moja, besi hupungua na sauti ya kati hutawanyika.

Kuhusu deki ya DVD, napendelea iwe mbali na amplifaya. Lenzi ndiyo hufa mwanzo kwa vumbi na unyevu, na ikiwa kila kitu ni mashine moja, yote inakwenda kwa fundi. Unganisha deki na amplifaya kwa HDMI moja kwa moja. Ukipitisha kwenye TV, TV nyingi hukata DTS (aina mojawapo ya sauti ya 5.1) au hushusha 5.1 kuwa sauti ya njia mbili. Ikibidi kupitia TV, ingia kwenye mpangilio wake wa sauti utoe PCM uweke Auto au Bitstream, ili sauti ipite kama ilivyo, na utumie tundu la HDMI lililoandikwa ARC, linalorudisha sauti ya TV kwenye amplifaya.

DVD zina kanda: Tanzania ni kanda ya 5, Dubai na Uingereza ni ya 2. Ukinunua ya Dubai hakikisha inasoma kanda zote. Mtumba wa Japani ni hatari zaidi, maana umetengenezewa volti 100 na umeme wetu ni 230. Ukiuchomeka bila transfoma ya kushusha, umekwisha.

Kama unatazama kwa flashi, nenda dukani na yako, ndani yake filamu ya H.265 (namna ya kubana video), moja yenye sauti ya DTS, na moja iliyozidi GB 4. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili hiyo ya mwisho, kwa hiyo ifomatiwe kwa exFAT au NTFS, lakini deki nyingi hazisomi flashi za namna hiyo. Picha ikitoka bila sauti, ni DTS hiyo.

Umeme ukikatika, chomoa, usubiri dakika kadhaa baada ya kurudi. Au weka kilinda friji kinachochelewesha chenyewe. Friji isishiriki soketi hiyo.

Kwenye majumba ya Michenzani, ukuta wako ndio wa jirani. Inua sabufa juu ya sponji ngumu, na usiku washa kitufe cha Night au DRC: milipuko hushuka, maneno hubaki.